Dhiraa Saba: Ua wa Pamoja Uwe na Ukubwa Gani?

Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti, mara baada ya swala, familia moja ya mjini Karatu ilituomba tufike nyumbani kwao kuwasaidia kugawa kiwanja cha marehemu baba yao. Mzee huyo, mwenyeji wa Kondoa, alihamia Karatu akiwa kijana kwa biashara ya vitunguu vya Mang'ola, akaoa binti wa Kiiraqw, akajenga, na hapo hapo umauti ukamkuta. Aliacha mke na watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike, pamoja na kiwanja chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 36. Eda ilikuwa imekwisha, madeni yamelipwa, wasia haukuwapo. Kwa mwanafunzi wa mirathi hili ni somo la mwaka wa kwanza: mjane hupata thumni, na kinachobaki hugawanywa mafungu sita, kila mwana wa kiume mafungu mawili na kila wa kike fungu moja.

Kiwanja chote kilikuwa mita za mraba 720. Kwa hesabu hiyo mjane alistahiki 90, kila binti 105 na kila mwana wa kiume 210. Tulifika tukiwa na karatasi iliyokwisha kuchorwa mistari, nasi, tukiri, tulikuwa tumeridhika nayo. Mama yao akaipokea, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Shehe wangu, hesabu nimeielewa, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini mimi nitapita wapi?"

Fungu lake tulikuwa tumeliweka nyuma kabisa, mbali na barabara. Karatasi yetu haikuwa na njia, haikuwa na mahali pa bomba, pa choo, wala pa kuanika nguo. Tulikuwa tumegawa kila shibiri, na kwa kufanya hivyo tumekiharibu kile tunachokigawa. Tukaomba radhi, tukaikunja karatasi, tukaomba tuanze upya siku ya pili yake.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la makala hii, ndugu msomaji, nalo si swali la familia moja tu. Watu wanaoishi pamoja, kila mmoja na mlango wake, waache kiasi gani cha ardhi kwa ajili ya wote? Na nani aamue?

UA ULIOLIWA

Nyumba ya zamani ya mzee yule ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ya aina tuijuayo sote kuanzia Kariakoo hadi Ujiji: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, stoo na choo. Warithi walikuwa wamekubaliana kuibomoa kwa awamu, kwa kuwa kuta zimechoka, ili kila mmoja ajenge yake. Miaka mingi mzee alipangisha vyumba vinne kati ya sita, na wapangaji wote walitumia ua mmoja.

Tulimwomba mama atueleze ua ule ulikuwa na ukubwa gani. Akatuonyesha kwa mkono kutoka mwembe hadi ukuta wa jirani. Kisha akaanza kuhesabu namna ulivyopungua. Kwanza mpangaji mmoja aliomba aweke banda la kuku, la muda. Baadaye kikaja kibanda cha mkaa. Kisha mabati yaliyobaki ya ujenzi yakaegemezwa ukutani, na yale yaliyoegemezwa yakageuka kuwa paa la jiko la mtu. Hapana aliyewahi kuombwa ruhusa mara mbili, na hapana aliyewahi kukataa. Alipofariki mzee, ua ulikuwa umebaki kichochoro cha kupishana watu wawili wakiwa wamegeuza mabega.

Maelezo haya ya mama yalitufundisha jambo ambalo hatukulipata madrasani wala chuo kikuu. Ardhi ya mtu binafsi ina mlinzi, naye ni mwenyewe. Ardhi ya wote ina walinzi wengi kwa jina, na kwa hiyo huliwa kidogo kidogo na watu wema, wasio na nia mbaya, kila mmoja akichukua kile ambacho kwa macho yake si kitu. Hivyo anayeuliza ukubwa wa eneo la pamoja anauliza maswali mawili kwa wakati mmoja: liwe kubwa kiasi gani siku ya kwanza, na ni kitu gani kitakachozuia lisiwe dogo siku ya elfu moja.

Mambo haya mawili yamejibiwa pamoja katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwekwe dhiraa saba. Wengi wetu tumeipita hadithi hiyo haraka tukidhani ni habari ya ngamia na zama zilizopita. Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, hakuipita haraka. Katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ameeleza kwamba wenye ardhi wakikubaliana juu ya upana fulani, basi ni huo waliokubaliana; wakihitilafiana, ndipo zinapokuja dhiraa saba; na ikiwa njia ipo tayari nayo ni pana kuliko dhiraa saba, haijuzu kwa yeyote kuimega hata kama anachokimega ni kidogo.

Zingatia mpangilio huo. Makubaliano yametangulizwa mbele ya kipimo, nacho kipimo kikawekwa kwa ajili ya watu walioshindwa kukubaliana, ili ugomvi uwe na mahali pa kukomea. Kisha kile kilichokwisha kuwa cha wote kikafungwa kisirudi nyuma, hata kiwe kikubwa kuliko mahitaji. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo iliyokosekana katika ua wa mzee wetu, maana kila mmoja alijiambia kuwa ua bado unatosha.

Na kwa nini saba? Wanazuoni wametaja kwamba kipimo hicho humtosha mwenye mizigo kuingia na kutoka na kupishana na mwenzake. Dhiraa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, takriban nusu mita au pungufu kidogo. Dhiraa saba basi ni kama mita tatu na nusu. Maana yake ni kwamba kipimo kilitoka kwenye kile kinachopita. Hakikutoka kwenye ukubwa wa ardhi iliyopo wala kwenye heshima ya wenye ardhi. Tulikwenda Karatu tukiwa na hesabu ya fungu la kila mtu, na hatukuuliza ni kitu gani kitakachopita.

BOMA LA NGORONGORO

Mtoto wa pili wa kiume wa marehemu ni dereva wa watalii. Jumamosi ile alikuwa na safari ya kupeleka vitu kwa rafiki yake upande wa Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, akatualika tufuatane naye kwa kuwa familia ilihitaji siku moja ya kupumua. Tukapita lango la Loduare, tukapanda msitu wenye ukungu hadi kwenye ukingo wa kreta, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeketi mbele ya boma la Kimaasai pamoja na mzee mmoja mwenyeji, tukinywa chai ya maziwa na kujikunyata kwa baridi.

Hatukwenda kwa ajili ya kupima, lakini macho ya mtu aliyeaibishwa na karatasi yake jana huona vipimo kila mahali. Boma, ambalo wenyewe huliita enkang, ni duara la uzio wa miiba. Nyumba zimepangwa ndani ya duara kando ya uzio, na katikati pote ni pa ng'ombe. Kila mwenye familia ana lango lake, na neno lao la lango, enkishomi, ndilo hilo hilo watumialo kwa watu wa lango hilo. Mke wa kwanza hujenga nyumba yake kulia kwa lango la mumewe, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena, na kuendelea. Nyumba ni ya mke, naye ndiye huijenga kwa fito, udongo na samadi. Ni ndogo, mtu mrefu huinama ndani. Lakini ukitoka mlangoni unakutana na uwanja ambao hakuna mwenye nyumba ya tofali mjini Karatu aliye nao.

Tukamuuliza mzee: uwanja huu mliamuaje ukubwa wake? Akacheka, akasema ng'ombe ndio walioamua. Usiku wote walale humo bila kukanyagana, na asubuhi watoke bila kusukumana langoni. Wakiongezeka, uzio husogezwa. Wakipungua, husogezwa ndani. Tukauliza tena, kwa nini basi msiufanye mkubwa zaidi tangu mwanzo ili kuepuka kazi ya kusogeza? Hapo alitutazama kama mtu anayetazama mgeni wa mjini. Uzio mrefu, akasema, unataka miiba mingi na macho mengi, na fisi hupita pale ambapo macho hayakufika.

Jibu hilo lilitusahihisha. Tulikuwa tumeanza kudhani kwamba dhambi ya pekee ni kuacha eneo dogo la pamoja. Kumbe hata ukubwa uliopita kiasi una gharama yake. Pasipo na mtu wa kupafagia, kupawekea taa na kupalinda, pale panakuwa pa fisi, na mijini fisi wana sura nyingi.

Ama mabadiliko nayo yapo. Zamani familia nyingi ziliishi katika boma moja; leo maboma mengi ni ya familia moja au mbili tu, na uwanja wa katikati umepungua pamoja na mifugo ya kila kaya. Nje ya boma pia kuna eneo la malisho ya jirani, olopololi, linalotengwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa, na ng'ombe wenye nguvu hawaruhusiwi humo. Kwa hiyo hata pale ambapo malisho ni ya wote, kipo kipande kilichofungwa kwa ajili ya wanyonge wa kundi.

Kipande hicho kilitukumbusha habari iliyomo katika Sahihi Bukhari. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alipotenga malisho ya hifadhi, alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, Hunayy, awe msimamizi. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya Abdulrahman bin Awf na Uthman bin Affan, masahaba wakubwa na matajiri. Sababu aliyoitaja ni kwamba matajiri wale mifugo yao ikifa watarejea kwenye mitende na mashamba yao, bali maskini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa akiwa na watoto wake mkononi. Hapa kuna kanuni ya pili baada ya ile ya dhiraa saba: eneo la pamoja hupimwa kwa haja ya yule asiye na pengine pa kwenda.

Haiwezekani kukaa Ngorongoro na kuzungumzia eneo la pamoja bila kukumbuka kwamba mahali penyewe ni jaribio kubwa la jambo hilo. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 8,292 ilianzishwa mwaka 1959, ilipotenganishwa na Serengeti, iwe ya watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja. Wakati huo wakazi walikadiriwa kuwa kama 8,000. Katika mjadala wa mwaka 2022 takwimu za Serikali zilitaja zaidi ya 100,000. Katikati ya miaka hiyo wakazi waliondolewa ndani ya kreta mwaka 1974, kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari, na wakazi wengi wamelipinga hilo hadharani.

Sisi hatukuandika makala hii kuhukumu shauri hilo, ambalo lina wazungumzaji wake. Jambo moja tu ndilo linaloingia katika mada yetu. Huko Msomera kaya ilijengewa nyumba ya vyumba vitatu na kupewa shamba. Nyumba ni imara, ya tofali na bati. Lakini malalamiko yaliyosikika mapema yalikuwa ya wanaume wenye wake zaidi ya mmoja na ya wake zao, waliozoea kila mmoja nyumba yake na wote uwanja mmoja, wakajikuta wanaulizwa nani alale chumba kipi chini ya paa moja. Kilichobadilishwa pale ni mpaka baina ya changu na chetu, kwa mchoro mmoja, na wanaoishi ndani ya mchoro hawakuwa ndio waliouchora. Nasi, ambao jana yake tulikuwa tumechora karatasi ya watu bila kuwauliza, hatukuwa na mdomo wa kumlaumu mchoraji yeyote.

VYUMBA VIDOGO, UWANJA MKUBWA

Njiani tukirejea tulizungumza na kijana wetu juu ya nyumba ya Mtume (s.a.w.) Madina. Vyumba vya wakeze vilikuwa vidogo mno. Al-Hasan al-Basri amesimulia kwamba alipokuwa kijana aliweza kuigusa dari yake kwa mkono. Milango ya vyumba hivyo ilielekea kwenye uwanja wa msikiti, ambao baada ya Khaybar ulipanuliwa ukakaribia dhiraa 100 kwa 100, na ndani yake kulikuwa na suffa, kivuli cha wasio na makazi. Kila mke alikuwa na mlango na pazia lake, na hapana aliyeingia bila ruhusa. Faragha haikuvunjwa na ukaribu wa uwanja, kwa sababu mpaka ulikuwa mlangoni.

Kijana naye akatuambia kwamba watalii kutoka Denmark waliwahi kumsimulia habari ya vitongoji vya kwao ambamo watu hujenga nyumba zao karibu karibu na kuwa na nyumba moja ya pamoja ya kulia chakula na kuchezea watoto. Tulilifuatilia hilo baadaye, na ni kweli. Kitongoji cha Sættedammen, kaskazini ya Copenhagen, kilianza mwaka 1972 kikiwa na nyumba 27, na kinatajwa kuwa cha kwanza cha aina yake. Lenye faida kwetu ni hili: vitongoji vilivyofuata, mwenendo wao ulikuwa nyumba za watu binafsi kupungua ukubwa na nyumba ya pamoja kuongezeka. Watu walipoona kwamba jiko la wote linapika jioni nyingi za wiki, hawakuhitaji tena jiko kubwa kila nyumba. Pale ambapo chumba cha wote kilijengwa kwa matumaini tu, bila shughuli ya kila siku, kilibaki baridi na kimefungwa.

Basi kipimo ni matumizi, na matumizi yahesabiwe kwa wiki. Usiku ule tuliwaomba warithi waandike ua wao unafanya kazi gani. Kila siku: kuchota maji, kufua, kupika, watoto kucheza. Kila wiki: gari la yule dereva kuingia na kuoshwa. Kwa msimu: kuanika mahindi na mbaazi. Kaka mkubwa akaongeza harusi na misiba. Hapo tulimzuia. Shughuli ya mara moja kwa mwaka haifai kutengewa ardhi ya mwaka mzima. Siku hiyo watu hutandika turubai, huomba uwanja wa jirani, na tukiri kwamba wakati mwingine hufunga barabara, tabia ambayo tungependa siku nyingine tuiandikie makala yake, kwa kuwa njia ile nayo ina wenyewe.

NANI ATOE, NANI ATUMIE

Jumapili asubuhi tulirudi na vigingi, kamba na utepe wa kupimia. Tulimwambia dereva alete gari lake lile lile la kazi, Land Cruiser ndefu, aingie nalo kiwanjani na kugeuza. Tukapigilia vigingi, akageuza, akagonga kigingi kimoja. Tukasogeza, akageuza tena. Mara ya nne aliweza kugeuza kwa kurudi nyuma mara mbili bila kugusa kitu. Alama za magurudumu vumbini ndizo zilizotuchorea ua: mita 12 kwa mita 9, yaani mita za mraba 108, mwembe ukiwa pembeni. Njia ya kutoka barabarani hadi uani ikawa mita tatu na nusu kwa upana na mita 24 kwa urefu, yaani 84. Jumla ya eneo la pamoja 192, zaidi kidogo ya robo ya kiwanja. Zikabaki 528 za kugawa: mama 66, kila binti 77, kila mwana wa kiume 154.

Kaka mkubwa, ambaye anaishi Arusha, alinyanyua mkono kwa adabu. "Sheikh, mimi nimetoa mita 56 na dada yangu ametoa 28. Lakini dada ana watoto wanne na anaishi hapa. Ua atautumia yeye kuliko mimi. Tena sehemu yangu iko mbele, mlango wangu utatazama barabara. Njia hiyo sina haja nayo kabisa. Kwa nini niilipie?"

Hili lilikuwa pingamizi la haki, nasi hatukutaka kulifunika kwa mawaidha juu ya udugu. Tulimjibu kwa sehemu mbili. Ya kwanza, kabla ya kugawa, kila mrithi ana hisa yake katika kila shibiri ya kiwanja. Hakuna aliyetoa mfukoni mwake. Wote waliacha kwa pamoja, kila mmoja kwa kadiri ya hisa aliyo nayo, na ua unaobaki ni wao kwa kadiri hiyo hiyo. Siku wakiuuza, thamani yake itamrudia kwa hisa yake ya mwana wa kiume. Ya pili, ugawaji wa haki huangalia thamani kuliko utepe. Mita 154 za mbele, penye uwezo wa kuweka fremu za maduka katika mji ambao magari ya watalii hupita kila asubuhi, hazilingani na 154 za nyuma. Kama anaona njia inamwonea, basi achukue nyuma na dada zake waje mbele.

Alinyamaza. Mdogo wake akatazama chini ili asionekane akitabasamu. Kisha kaka akasema, "Nimekubali, Sheikh. Lakini iandikwe." Na hilo ndilo tulilokuwa tukilitaka tangu mwanzo.

Dada mkubwa naye akauliza swali ambalo mzee wa boma angelifurahia: nani atafagia? Hilo liliwachukua muda mrefu kuliko mita zote. Wakakubaliana zamu za wiki kwa wanaoishi hapo, na asiyeishi hapo alipie taa na matengenezo ya bomba. Wanazuoni wa fiqhi wanauita utaratibu wa kupeana zamu muhaya'a, na wameuzungumzia hasa kwa vitu ambavyo vikigawanywa hupoteza faida yake. Mfano wao mashuhuri ni hamamu ndogo na kinu. Mama akataka choo kiwe upande ambao mlango wake hautazami mlango wa mtu, na madirisha ya kaka mkubwa yasifunguke uani chini ya kimo cha mtu. Tuliona kwamba hilo lina uzito kuliko mita kumi za nyongeza, kwa maana ua mpana usio na sitara wanawake huukimbia, na ua uliokimbiwa huliwa haraka.

Ama upande wa sheria ya nchi, tuliwatahadharisha kwamba kiwanja cha mjini hakikatwi kwa vigingi vyetu pekee. Ukataji wake unahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Wasipopata kibali, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawaruhusu kumiliki kwa pamoja kila mmoja na hisa yake, na wakijenga jengo moja ipo Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, inayotambua maeneo ya pamoja na hisa ya kila mwenye sehemu ndani yake. Tuliandika makubaliano nakala sita, wakatia saini mbele ya mashahidi, na ndani yake tuliweka ibara moja ya maneno ya al-Nawawi kwa maana yake: kwamba njia na ua havimegwi, hata kwa kidogo, hata kwa muda, isipokuwa kwa saini za wote watano.

Tulipita Karatu tena mwezi wa Desemba. Msingi wa nyumba ya mama ulikuwa umekwisha kumwagwa, watoto wakicheza chini ya mwembe, na mahindi mabichi yakichemka jikoni. Kabla ya kuketi tulitembea njiani kutoka barabarani. Karibu na ukuta, mtu alikuwa amepanga kuni vizuri sana, kwa mstari ulionyooka. Hatukuwa na utepe, tukapima kwa mkono wetu, kiwiko hadi kidole: dhiraa sita.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. "Ni zangu, Shehe wangu," akasema. "Nilisema ni za wiki moja." Akawaita wajukuu, nao wakaanza kuzihamisha.